Kura Iliyopigwa Uani

Katika miaka yangu yote bungeni, mtu niliyegombana naye kuliko wote ni Beryl Sugden, na mtu niliyemwamini kuliko wote ni huyo huyo. Yeye ni wa upinzani, mimi ni wa serikali. Mabenchi yetu yanatazamana, na Beryl ana sauti iliyokulia kwenye kelele za viwanda vya nguo vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Nikisimama kuchangia hoja, kabla sijafungua mdomo, yeye ameshaguna. Nikikaa, anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Spika kama nimemaliza au nimelala.

Lakini mimi na Beryl ni jozi. Akipata udhuru akashindwa kuja kupiga kura, na mimi sipigi. Nikipata udhuru mimi, yeye naye anakaa pembeni. Kura moja ya huku na moja ya kule zinafutana, hakuna aliyepunjwa. Hakuna sheria inayosema hivyo wala mahali mnapotia sahihi. Unatoa neno lako, wanadhimu, wale wachunga kura wa pande zote mbili, wanaambiwa, basi. Atakayelivunja atakunywa chai peke yake mpaka astaafu.

Sasa nitawaambia jinsi neno langu lilivyotaka kunitia aibu mbele ya mji mzima.

Mnadhimu wetu mkuu wakati ule alikuwa Julian Peverell, mtu mrefu, nadhifu, mwenye tabasamu la daktari wa meno. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mbunge wa serikali anapiga kura serikali inavyotaka. Wiki moja mwezi wa pili alinikuta kwenye chumba cha chai, nikipaka siagi mkate wangu wa zabibu, akaketi bila kukaribishwa.

"Mzee Tallentire," akasema, "unaonekana umechoka."

"Nimezaliwa hivi hivi."

"Sikiliza. Mama Sugden anafanyiwa upasuaji wa nyonga Jumatatu. Wiki nzima hayupo. Si jozi wako yule? Basi na wewe pumzika. Nenda kwako, kamwone mkeo Nora, kaangalie kondoo wako. Nimeshaongea na wenzetu wa upande wa pili, wameafiki. Nipe neno lako tu."

Nikampa. Tena nilimshukuru! Peverell kukupa ruhusa ni jambo la ajabu, na mimi kama mjinga nikaona labda amezeeka, moyo umelainika. Nikammiminia na chai.

Jumatatu jioni, kabla sijaondoka kwenda kwetu, serikali ikatangaza kwamba ratiba imebadilika. Jumatano, waziri wa afya ataleta agizo lake la hospitali ndogo ili lipigiwe kura. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa naonekana nimechoka.

Niseme kisa cha hilo agizo. Miaka michache nyuma tulipitisha sheria ya hospitali. Ilipofika Baraza la Malodi, wazee wale wa juu wasiochaguliwa wakaichomekea sharti: waziri asifunge wodi yoyote ya hospitali ndogo mpaka aje mbele yetu, aitaje kwa jina, na sisi tupige kura. Sisi tukalifuta. Wao wakalirudisha. Tukalifuta tena, wakalirudisha tena, mpaka serikali ikachoka, ikaliacha. Malodi hawawezi kutushinda tukikaza, maana sisi ndio tuliochaguliwa, lakini wanajua kutuchelewesha mpaka tuone haya. Kwangu mimi lile sharti lilikuwa zuri kuliko sheria yenyewe.

Agizo la waziri lilikuwa la kuling'oa. Likipita, angefunga wodi yoyote kwa sahihi yake tu, ofisini kwake, akiwa anakula biskuti.

Na kwetu Kirkthwaite kuna wodi ya wazazi. Ni wodi ndogo juu ya kilima, madirisha yanavuja upepo, na mke wangu Nora alikuwa mkunga pale mpaka alipostaafu. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya mlima, na theluji ikianguka ile barabara haipitiki. Nora amezalisha wanawake pale usiku ambao hata gari la kusafishia theluji lilikwama. Nilisimama kwenye mnada wa ng'ombe, watu wakiwa na matope mpaka magotini, nikawaambia: hakuna waziri atakayeufunga mlango ule bila kuja kusimama mbele yangu na kulitaja jina lenu. Walinipigia makofi, watu wasiojua kupiga makofi kwa lolote.

Sasa nimefungwa. Nilitaka kupiga kura ya Hapana, dhidi ya serikali yangu mwenyewe, na nilikuwa nimetoa neno kwamba sitapiga kura yoyote wiki ile. Beryl hayupo, mimi nimefungwa: Peverell alikuwa ameziondoa Hapana mbili kwa mpigo.

Nikampigia simu Nora.

"Umempa neno lako Peverell?" akauliza.

"Nimempa."

"Na ukammiminia chai?"

"Nani kakwambia?"

"Nakujua, Edwin. Basi huwezi kulivunja. Lakini usije huku Ijumaa ukategemea watu sokoni wakuelewe. Mimi mwenyewe sijui kama nitakuelewa."

Hilo liliniuma. Jumanne asubuhi nikaenda hospitali kumwona Beryl. Nilimkuta amelala chali, nywele zimesimama, anamgombeza daktari kuhusu supu.

"Naona umekuja kuhakikisha sitoki," akasema aliponiona.

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika nyonga.

"Yaani kakulaza! Peverell kakulaza mchana kweupe, na wewe ukampa asante! Wee mzee, una umri gani?"

"Cheka umalize."

"Nimemaliza. Haya, nakuachilia. Mimi ndiye jozi wako, nakwambia nenda kapige kura. Unapiga Hapana, na mimi ningepiga Hapana. Hasara yangu iko wapi?"

Nikatoka pale kifua mbele, moja kwa moja mpaka ofisini kwa Peverell. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akavua miwani.

"Edwin, makubaliano haya si yako na Beryl peke yenu. Ni ya pande mbili za Bunge. Umenipa mimi neno, nimewapa wenzetu wa upande ule neno. Sasa mgonjwa aliyejaa dawa za maumivu anakufungulia wewe kitandani? Mimi mwaka jana niliwazuia watu wangu wangapi wasivunje jozi zao, hata nilipokuwa nashindwa? Ulinisifu."

"Nilikusifu."

"Beryl akipiga kura, na wewe uko huru. Asipopiga, hupigi. Ndivyo ilivyo."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Angekuwa mwongo ningemchukia kwa raha. Nilirudi kwenye simu nikamwambia Beryl maneno yale yale.

"Amesema nikipiga kura uko huru?" akauliza.

"Ndiyo, lakini wewe huwezi hata kukaa."

"Sikuulizi habari za kukaa. Na usidhani nakufanyia hisani. Na sisi Hebblethorpe tuna wodi ya wazee, na huyo waziri wako anaiangalia kwa jicho la husuda tangu mwaka juzi. Acha nikate simu, kuna nesi hapa nataka kumbembeleza."

Jumatano mchana ukumbi ulijaa. Jozi haimzuii mtu kusema, inamzuia kupiga kura tu, kwa hiyo nilisimama na kusimama tena mpaka Spika akaniona. Nikamuuliza waziri swali moja: kama kufunga wodi ni jambo la haki, kwa nini anaona taabu kuja kutuambia? Kila mtu humu anajibu kwa mtu. Waziri anajibu kwetu, sisi tunajibu kwa watu wa mnadani, na Malodi wanatukumbusha tukisahau. Yeye anataka kujibu kwa kalamu yake?

Waziri alijibu habari za ufanisi. Kijana mwerevu, wala si mbaya, ila hajawahi kukwama kwenye theluji. Benchi la Beryl lilikuwa tupu, na ajabu ni kwamba nilikosa zile kelele zake. Nilisema mpaka mwisho bila mtu kuniuliza kama nimelala, na nikaona hotuba yangu imepwaya.

Spika akauliza, wanaoafiki? Ndiyooo. Wasioafiki? Hapanaaa. Hakuna aliyeweza kusema ipi ilikuwa kubwa, basi akaamuru tugawanyike. Kengele zikaanza kulia jengo zima, na mpaka kwenye baa za jirani, watu wakaacha bia zao mezani. Wanaosema Ndiyo wanapita ukumbi wa kulia kwa Spika, wanaosema Hapana wa kushoto, na mnahesabiwa mlangoni mmoja mmoja. Kengele zikinyamaza milango inafungwa, na aliyebaki nje amebaki.

Mimi nilibaki nimekaa kwenye benchi. Wenzangu wananipita, wengine wananigusa bega kama mfiwa. Peverell alikuwa amesimama karibu na kiti cha Spika, mikono nyuma, ametulia. Nilijua hesabu yake: alikuwa na ziada ya kura mbili, na mtu huyu huwa hakosei.

Ndipo mnadhimu wa upinzani, mtu mmoja mfupi wa Wales aitwaye Idris Hopkin, akaja mbiombio, akamnong'oneza. Uso wa Peverell haukubadilika, ila tabasamu liliondoka.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Uani. Kwenye gari la wagonjwa."

Hapa tuna desturi moja ya zamani. Mbunge mgonjwa asiyeweza kutembea, akifika tu ndani ya mipaka ya jengo letu, anaweza kuhesabiwa pale pale alipo. Mnadhimu wa upande wake anakwenda, na wa upande wa pili anakwenda kumchunga, wanamtazama kama kweli yupo na kama kweli yu hai, kisha wanarudi, wanaitikia kwa kichwa, na kura inaingia. Wote wawili lazima wakubali. Peverell akitaka kusema alimkuta amezimia, au gari lilikuwa nje ya lango, nani angebisha? Muda ulikuwa unakwisha.

Waliondoka upesi, na mimi nyuma yao, magoti yakilalamika.

Uani kulikuwa na baridi kali. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi, na ndani Beryl amelala kwenye machela, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, kavaa shanga zake za bungeni juu ya gauni la hospitali. Nesi aliyekaa pembeni alikuwa amekunja uso kweli kweli.

"Nimemwambia asitoke," nesi akasema. "Amesema ataenda kwa kutambaa."

"Julian!" Beryl akaita. "Njoo unipime mapigo, mwanangu. Na mtu aniletee chai, humu hawana hata sukari."

Alikuwa anatania, lakini jasho lilimtoka usoni kwenye baridi ile, na mkono ulioshika blanketi ulikuwa mweupe kwenye vifundo. Nilitaka kumwambia arudi, wodi zote na ziende. Aliniona, akanikazia macho.

Peverell alimtazama kwa muda. Kengele zilikuwa zinalia bado. Nilimwona akitazama lango, kisha gari, kisha Beryl. Sijui nini kilipita kichwani mwake, na sijawahi kumuuliza. Akainama kidogo, kama watu wanavyoinama mbele ya Spika.

"Mheshimiwa yuko ndani ya mipaka," akamwambia Hopkin. "Yu hai. Yu hai kupita kiasi. Tumhesabu." Kisha akanigeukia. "Unasubiri nini, Edwin? Uko huru. Na sitakushikia mlango."

Sijakimbia vile tangu ng'ombe dume wa jirani aliporuka ukuta. Niliteleza kwenye mawe, nikapanda ngazi nikishika ukuta, na nilipoingia ukumbi wa Hapana bawabu alikuwa ameshika mlango mkononi. Nilipita kwa ubavu. Wapinzani waliokuwa ndani walinipigia kelele za furaha, nikawaambia wanyamaze, sijahamia kwao.

Wahesabuji wanne wakaja mbele ya meza, wakainama, karatasi ikasomwa. Ndiyo, hesabu fulani. Hapana, hesabu ile ile. Ukumbi ukalipuka kwa kelele.

Macho yote yakaenda kwa Spika. Spika wetu alikuwa mbunge wa chama changu kabla ya kukikalia kile kiti, rafiki mkubwa wa waziri mkuu, wamesomesha watoto pamoja. Lakini ukishakikalia, chama unakiacha mlangoni, huli nao, hunywi nao, na siku zote hupigi kura ila zikiwa sawa. Na zikiwa sawa kuna desturi inayokuongoza.

Alisimama, sisi tukakaa.

"Kura zimefungana," akasema. "Si kazi ya kiti hiki kuunda wingi ambao Bunge lenyewe halikuupata. Anayetaka kubadilisha jambo ndiye anayepaswa kuwapata walio wengi, na hakuwapata. Kwa hiyo kura yangu naipa Hapana. Tuendelee na shughuli inayofuata."

Basi. Shughuli iliyofuata ilikuwa habari za mifereji ya maji machafu. Waziri alikusanya makabrasha yake akatoka, na serikali haikuanguka, wala mtu hakupigwa. Nilirudi uani nikakuta gari linageuza. Beryl alikuwa na kikombe cha chai mkononi, cha kaure, chenye nembo ya ofisi ya Peverell.

"Tumeshinda?" akauliza.

"Tumefungana. Spika katuokoa."

"Nusura. Laiti usingehutubia tungeshinda kwa kumi."

Ijumaa nilikwenda kwetu. Nora alinipokea kituoni, akanichukulia mkoba wangu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Sokoni watu walinisalimia kwa kichwa, na kwetu hiyo ni sherehe. Peverell kwa upande wake alinihamisha ofisi, akanipeleka chini kabisa karibu na mitambo ya kupashia jengo joto. Alidhani ananiadhibu. Magoti yangu hayajawahi kupata nafuu kama majira yale ya baridi.

Ilipofika masika, waziri alikuja. Sharti lilikuwepo bado, kwa hiyo alikuja kama lilivyomtaka, akasimama mbele yetu na orodha ya wodi anazotaka kufunga, akazitaja moja moja kwa sauti. Nilisikiliza nimeshika ukingo wa benchi. Jina la Kirkthwaite halikuwemo. Alipotaja Hebblethorpe, nilimtazama Beryl. Alikuwa amerudi, na mkongojo umeegemea gotini. Hakuguna. Hakunitazama. Na katika wiki zote zile hakuwa ameniomba chochote.

Peverell akaja akachuchumaa nyuma ya benchi langu.

"Umesikia? Ya kwako imepona. Nimeipigania mwenyewe. Sasa huna haja ya kukaa hapa, mzee, nenda kanywe chai. Nimekutafutia na jozi kabisa, kuna mheshimiwa wa upande ule ana mafua."

Alisema kwa upole, na nadhani kwa upande mmoja aliona ananifanyia wema. Ningeweza kwenda. Kirkthwaite wasingejua, wala Nora.

"Asante, Julian, ila jozi ninaye."

"Nani? Sugden? Si huyo hapo, amekuja!"

"Ndiyo. Amekuja. Basi na mimi nimekuja."

Kengele zilipolia niliinuka nikaenda kushoto. Beryl alikuwa ametangulia, anachechemea na mkongojo wake, na foleni ya wapinzani wote inajikokota nyuma yake, hakuna anayethubutu kumpita. Nikapenya mpaka nikawa ubavuni mwake.

"Wee mzee, umepotea?" akasema bila kugeuka. "Wa kwenu wanapita kule."

"Sijapotea. Sogea, nina magoti mabaya."

Alisogea. Tulitembea hatua kadhaa. Nyuma yetu mtu akakohoa kwa kukosa subira, na sisi wawili tukazidi kupunguza mwendo.

"Edwin," akasema tulipokaribia wahesabuji.

"Naam."

"Hotuba yako ya leo ilikuwa mbovu."

"Leo sikuhutubia."

"Najua," akasema, akanishika mkono. "Ndiyo maana tutashinda."

Tukahesabiwa pamoja, Hapana ikashinda, na siku hiyo Spika hakuhitaji kupiga kura.